Chora Chuma kwa Kutu Yake

Wanaojaribu kuchora elementi za kemia mara nyingi huanzia pabaya. Huchora atomu kama kijua kidogo kilichozungukwa na sayari, huandika Fe au Cu pembeni, wakahesabu kazi imekwisha. Sura hiyo ilitokana na mawazo ya Ernest Rutherford mwaka 1911 na Niels Bohr mwaka 1913, na wanafizikia wenyewe waliiacha tangu miaka ya 1920. Isitoshe, haimwonyeshi mtazamaji chochote kuhusu chuma: haina uzito wake, haina kutu yake, haisemi kwa nini bati lililoachwa mvuani hugeuka jekundu.

Ninakushauri njia nyingine. Elementi usiichore kabla hujaishika. Iponde, ichome, ioshe, ichanganye na kiini cha yai, ndipo uipeleke ubaoni. Picha ya chuma itoke kwenye chuma, na picha ya kaboni itoke kwenye masizi. Ukienda hivyo, nusu ya maamuzi utayakuta yameshafanywa na maada yenyewe, na maamuzi yake ni mazuri kuliko mengi ya kwetu.

Vifaa havina gharama kubwa. Tafuta kinu kidogo na mchi, kipande cha kioo kinene cha kusagia, vitambaa vyepesi vya kuchujia, mitungi ya kioo yenye vifuniko, na kikaango kikuukuu. Vyote hivi visirudi jikoni tena, hata ukiviosha mara kumi. Nunua barakoa ya kuzuia vumbi na glavu za mpira. Kwa ubao, hadibodi inatosha kabisa. Ndiyo aliyochoria Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na picha za aina hiyo zimedumu. Upande laini usugue kwa msasa, kisha upake tabaka tatu au nne za uji mwepesi wa unga wa chaki, maji na gundi nyeupe ya mbao. Kila tabaka likauke kabla ya lingine. Hapo tayari umeanza na kalsiamu bila kujua.

Chuma

Anza na chuma, kwa sababu hakuna elementi iliyo karibu nawe kuliko hiyo. Imo kwenye damu yako, kwenye msumari, na kwenye udongo mwekundu unaochafua viatu wakati wa masika. Mafundi seremala wa zamani walipigia mistari mbao zao kwa ngeu, na ngeu ni oksidi ya chuma tu. Waliochora wanyama na watu wembamba kwenye miamba ya Kondoa walitumia wekundu huohuo. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mbali zaidi, katika pango la Blombos huko Afrika Kusini, watafiti walikuta makombe ya konokono wa baharini yaliyotumika kuchanganyia ngeu kiasi cha miaka 100,000 iliyopita. Kwa hiyo utakapoketi na kinu chako, unafanya kazi ambayo binadamu ameijua siku zote.

Chimba udongo mwekundu kiasi cha bakuli moja, mahali pasipo na takataka za gereji wala mbolea. Uanike, uponde, utoe mizizi. Utie kwenye ndoo ya maji, ukoroge kwa nguvu, kisha uhesabu polepole mpaka sitini. Mchanga utatua chini. Maji yaliyobaki juu yatakuwa mekundu mazito. Yamimine taratibu kwenye chombo cha pili na uache mchanga ulipo. Rudia mara mbili au tatu, halafu chombo cha mwisho kilale usiku kucha. Asubuhi utakuta maji yametulia na tope laini limejikusanya chini. Mwaga maji, anika tope, lisage tena. Unga utakaoupata, ukiupapasa kati ya vidole hutasikia chembe hata moja. Ukisikia chembe, rudi kwenye ndoo.

Sasa fanya jambo ambalo kwangu ndilo somo zuri kuliko yote katika kazi hii. Tafuta udongo wa manjano, uusafishe vivyo hivyo, ugawe mafungu mawili. Fungu moja liweke kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, ukikoroga. Baada ya muda unga wa manjano utaanza kugeuka rangi ya chungwa, kisha mwekundu, na hautarudi tena. Hukuongeza kitu. Madini ya manjano ni chuma na oksijeni vilivyofungamana na maji ndani ya fuwele zake. Moto wa kiasi cha nyuzi 300 unayafukuza maji hayo, na kinachobaki ni oksidi nyekundu. Toa unga kidogo kila baada ya dakika tano, uupange kwenye sahani kwa mfuatano. Utapata ngazi ya rangi saba au nane kutoka kwenye kiganja kimoja cha udongo, na ngazi hiyo yenyewe inatosha kuwa picha. Mimi ningeipaka kwa mistari ya usawa, manjano juu, nyekundu chini, bila kuongeza umbo lolote.

Chuma kina sura nyingine tena. Chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, uziloweke kwenye siki nyeupe kwa siku tatu au nne. Kifuniko usikikaze, maana povu unaloliona ni haidrojeni inayotoka na lazima ipate njia; kaa nayo mbali na moto. Maji ya siki yatakuwa na rangi hafifu mno. Pembeni, chemsha majani ya chai mpaka yawe makali kupita kiasi, au ukiwa pwani chemsha maganda ya mkoko, yale yaliyotumika kwa ngozi na kutia rangi nyavu. Chora kwa chai hiyo juu ya karatasi nene, iache ikauke, kisha pitisha brashi yenye siki ya chuma juu yake. Mstari wa kahawia utaingia kijivu, halafu weusi, mbele ya macho yako, na kesho utakuwa mweusi zaidi kwa sababu oksijeni ya hewani bado inafanya kazi. Wino wa namna hii ndio uliotumika kuandikia nyaraka za Ulaya kwa karne nyingi. Una kasoro moja: asidi yake huila karatasi polepole, kwa hiyo usiutumie kwenye kazi unayotaka wajukuu waione.

Na bluu pia imo. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini Berlin, mtengeneza rangi aitwaye Diesbach alikuwa akitaka nyekundu, akapata bluu nzito ambayo dunia iliiita bluu ya Prussia. Ni chuma kilichofungamana na kaboni na naitrojeni. Hiyo usijaribu kuitengeneza nyumbani. Inunue kwenye mrija. Lakini ukiiweka karibu na ngeu yako, manjano yako na wino wako wa chai, utakuwa na picha nzima, nyekundu, manjano, nyeusi na bluu, ambayo elementi yake kuu ni moja. Sijui njia fupi zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba rangi haikai ndani ya atomu peke yake, bali katika namna inavyoshikana na jirani zake.

Kushikisha unga ubaoni, tumia yai. Tenga kiini na ute, kiviringishe juu ya karatasi mpaka ngozi yake ikauke, kinyanyue kwa vidole viwili, kitoboe, na maji yake ya manjano yaangukie kikombeni. Ngozi itupe. Ongeza maji kiasi sawa na kiini na matone mawili ya siki. Saga unga wa rangi kwa maji kidogo juu ya kioo mpaka uwe kama dawa ya meno, kisha changanya na yai nusu kwa nusu. Rangi hii hukauka haraka sana, kwa hiyo usijaribu kuitandaza kama rangi ya mafuta. Paka kwa vistari vidogo vinavyopandana. Anayetaka kitu kitakachokaa kwenye kidau siku nyingi atumie gundi ya mgunga: sehemu moja ya gundi, mbili za maji ya uvuguvugu, na asali kidogo isije ikapasuka.

Kaboni

Kwa kaboni utahitaji weusi wa aina tatu. Wa kwanza ni masizi: washa kibatari, pandisha utambi mpaka kitoe moshi, na ushike sahani ya bati juu yake. Kwangua masizi kwa karatasi ngumu, pasipo upepo. Ukiyatia maji yataelea na kukukataa, kwa sababu yana mafuta. Yalainishe kwanza kwa matone ya spiriti, ndipo uongeze maji na gundi. Wa pili ni mkaa. Jaza vijiti vikavu au vipande vya kifuu kwenye kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu dogo kama la msumari, weka motoni. Moshi utatoka tunduni kwa nguvu; ukikoma, toa kopo, na usilifungue mpaka lipoe kabisa, la sivyo hewa itaingia na mkaa wako utakuwa majivu. Wa tatu unao mfukoni: penseli, ambayo ndani yake mna grafiti, wala hamna risasi.

Paka aina zote tatu kwenye karatasi moja, zikiwa mraba kwa mraba. Masizi yatameza mwanga kama tundu. Mkaa utakuwa mweusi wenye vumbi na chembechembe. Grafiti itang'aa, kwa sababu atomu zake zimejipanga karatasi juu ya karatasi, na mkono wako umezilaza zote upande mmoja. Atomu ni zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio. Hapa usiongeze mchoro wa almasi, tafadhali. Kila mwanafunzi hufanya hivyo, na almasi ya penseli huwa kitu cha chini kuliko penseli yenyewe.

Kalsiamu, na bluu ya kufulia

Wakazi wa pwani wameishi ndani ya kalsiamu kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa matumbawe na kukandikwa kwa chokaa, na zidaka za ndani zimechongwa kwenye chokaa hiyohiyo. Matumbawe yakichomwa kwenye tanuri kwa joto la kiasi cha nyuzi 900 hutoa kaboni dioksidi na kuacha chokaa kali. Ikitiwa maji huchemka na kulainika. Ikipakwa ukutani huanza safari ya kurudi: inavuta kaboni dioksidi ile kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Ukuta uliokauka ni matumbawe yaliyobadilishwa umbo.

Safari hiyo unaweza kuifanya ikushikie rangi bila yai wala gundi. Nunua chokaa ambayo tayari imezimwa kwa maji, usihangaike na chokaa kali, na vaa glavu na miwani, kwa maana tone moja jichoni laweza kuliumiza vibaya. Likiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali mara moja. Changanya sehemu moja ya chokaa na mbili au tatu za mchanga safi wa mtoni. Mchanga wa bahari una chumvi itakayochanua juu ya picha. Kandika juu ya kigae au tofali lililoloweshwa, unene wa kidole kidogo, ulainishe. Chokaa ikiacha kuteleza lakini bado ina ubaridi wa maji, paka rangi zilizosagwa kwa maji matupu. Una saa chache tu. Baadaye tabaka jembamba la jiwe jipya litajengeka juu ya rangi na kuifunga humo.

Chagua rangi kwa uangalifu, kwani chokaa hainyamazi. Ngeu inaipenda, na masizi pia. Bluu ya Prussia haiwezi kuishi nayo. Niliwahi kupaka bahari nzima kwa bluu hiyo kwenye ukuta mbichi, nikarudi siku chache baadaye nikakuta kahawia ya maji ya mfereji. Chokaa ilikuwa imeivunja ikaacha kutu. Nilihuzunika sana wakati ule. Leo ninawashauri watu wafanye kosa hilo makusudi, kwenye kipande kidogo, waone chuma kikivua bluu yake na kurudi kwenye kutu.

Kwa bluu itakayodumu ndani ya chokaa, nenda dukani ukanunue bluu ya unga ya kufulia nguo nyeupe. Soma pakiti; unayoitaka ni ile ya unga au kidonge iliyotengenezwa kwa ultramarini, si ya maji. Zamani ultramarini ilitoka kwenye jiwe la lazuli la milima ya Badakhshan huko Afghanistan, na Ulaya ilithaminiwa kama dhahabu. Mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet wa Ufaransa alitangaza njia ya kuitengeneza kiwandani, na bei yake ikaanguka mpaka ikafika kwenye beseni la kufulia. Ajabu yake ni kwamba haina kobalti wala shaba. Bluu inatoka kwenye salfa, atomu tatu tatu zilizofungiwa ndani ya kizimba cha alumini, silikoni na oksijeni. Ukitaka kuhakikisha, weka unga kidogo kwenye kisahani na ukamulie ndimu. Asidi huvunja kizimba, bluu hufifia mbele yako, na pua yako itapata harufu ya yai viza. Hiyo ndiyo salfa ikitoka kifungoni.

Shaba, na zile za kuacha

Shaba nitaipitia haraka, si kwa sababu ni duni. Katanga, nchini Kongo, wahunzi walisubu misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha kabla ya ukoloni, na malakiti ya kijani ya huko inajulikana duniani. Ili upate kijani chako, kunja waya wa shaba uliochubuliwa, uuning'inize ndani ya mtungi wenye siki kidogo chini, bila kugusa siki, ufunike, uache wiki mbili au tatu. Utaota ganda la rangi kati ya kijani na feruzi. Likwangue likiwa na unyevu ili lisitoe vumbi, vaa glavu, nawa mikono, weka mbali na watoto. Ni sumu ikimezwa. Pia si rangi ya kutegemewa: wachoraji wa Ulaya wa karne ya 15 na 16 waliitumia kwa majani ya miti, na mengi ya majani hayo leo ni ya kahawia. Ukiitumia, kubali kwamba itabadilika.

Risasi, zebaki na aseniki usiziguse. Nyeupe ya risasi ilikuwa nyeupe kuu ya Ulaya kwa karne nyingi, na iliwaumiza walioitengeneza. Kijani cha aseniki alichokibuni Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775 kiliingia hadi kwenye karatasi za kupambia kuta. Nyeupe tumia chaki, chokaa, au titaniamu ya mrija. Titaniamu haina madhara hayo, na Kwale nchini Kenya mchanga wake ulichimbwa kwa miaka mingi. Rangi kuukuu iliyobanduka ukutani nayo usiikwangue kutafuta unga wake, huenda ina risasi.

Kuipanga picha

Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev alipanga kwenye jedwali elementi 63 zilizojulikana na akathubutu kuacha nafasi tupu kwa zile ambazo hazijaonekana. Galiamu ikajaza pengo lake mwaka 1875, jerimaniamu mwaka 1886. Uthubutu huo ninaupenda kuliko jedwali lenyewe, na ndio ninaokuomba uuige. Gawa ubao wako katika miraba. Ile ambayo umeishika elementi yake, ijaze kwa elementi hiyo: ngeu, masizi, chokaa, bluu ya salfa, karatasi ya alumini. Ile ambayo hujaishika, iache na weupe wa chaki. Usiijaze kwa rangi ya kubahatisha ili ubao upendeze. Leo elementi ni 118; ukiwa na kumi za kweli, ubao wako umejaa.

Na zile zisizoshikika, kama gesi? Zipake kwa mwanga wake. Tupa chembe za chumvi kwenye moto wa mkaa uone ulimi wa manjano: hiyo ni sodiamu, na hiyo ndiyo rangi ya mraba wake. Heliamu ilionekana juani mwaka 1868 kama mstari mmoja wa manjano kwenye mwanga uliotawanywa, miaka 27 kabla haijapatikana hapa duniani. Kwa hiyo mraba wa heliamu uwe mweusi wa masizi wenye mstari mwembamba wa manjano uliosimama wima, basi. Haidrojeni ipe mistari yake, mwekundu, wa bluu ya kijani, na wa zambarau. Oksijeni haihitaji mraba wa peke yake. Imo kwenye kutu, kwenye chokaa na kwenye ngeu. Njia niipendayo ni kubana msumari mpya ubaoni, nusu yake nikaipaka nta na nusu nikaiacha wazi. Ukiunyunyizia maji ya chumvi mara moja kwa wiki, oksijeni itajichora yenyewe kwenye nusu iliyo wazi.

Ukimaliza, geuza ubao. Andika nyuma kwa penseli udongo ulichimbwa wapi, ulikaa motoni dakika ngapi, siki ilikuwa ya siku ngapi, na tarehe. Kigae cha chokaa kikae kivulini siku kadhaa, ukikinyunyizia maji asubuhi na jioni kisije kikakauka haraka. Ubao wenye msumari utundike peke yake, mbali na picha nyingine, kwa sababu huo bado unafanya kazi.